Chale Tatu kwenye Upinde Mweusi

Kihonda, Jumapili

Felista mwanangu,

Salamu umenipa asubuhi na nimeziitikia, kwa hiyo naanza na lenye haraka. Zile pinde mbili nyeusi ambazo mjomba wako Anselmi ameandika kwamba shule ya Kisaki unakokwenda kufundisha imepewa, asizishike mtoto hata mmoja. Asizivute, asizijaribu, asizichezee. Na wewe mwalimu wao usizivute. Zile tatu nyingine, za rangi ya asali, ni za faiba, na hizo zina nafasi yake. Lakini nyeusi, hapana.

Ukiishia hapa utakuwa umepata la muhimu. Yanayofuata ni sababu, na sababu ni mimi.

Juzi mchana ulitusomea barua ya mjomba wako mezani. Ulifika pale anaposema kambi ya wageni wa kitalii imepata wenyewe wapya, wameondoa vitu vya zamani, na shule imeambulia pinde tano. "Mbili nyeusi ni nyepesi sana," ameandika, "nimezifuta vumbi, zitawafaa watoto." Ukainua uso ukaniuliza: "Baba, fundi ni wewe. Kipi kinadumu zaidi, faiba au kaboni?" Nikakujibu, "Vyote ni matunzo." Halafu nikaomba maji. Mama yako akanitazama, maana bilauri ya maji ilikuwa mbele yangu, imejaa.

Lile halikuwa jibu. Mtu akikuuliza barabara ya Mvuha iko wapi, ukamwambia barabara zote ni mwendo, hujamsaidia. Nimekuwa nikilifikiria swali lako tangu juzi, na leo mmekwenda wote misani nikabaki karakana nikisingizia mgongo. Mgongo hauniumi.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kufunga mlango mapema mama yako ameshakueleza, na atakueleza tena kesho. Mimi nitasema yale ninayoyajua peke yangu. Ubaya wake ndio huo, nimeyajua peke yangu kwa miaka saba.

Baba yangu, babu yako ambaye hukumkuta, alikuwa mchonga pinde kule Matombo. Alitumia mti wa mkole, na upote, ile kamba ya upinde, aliusokota mwenyewe kwa mkonge. Watu wa milimani walizichukua kulindia mahindi. Siku zile nyani na nguruwe walikuwa hawajui siasa ya kilimo, walivuna kabla ya mwenye shamba. Upinde wa babu yako ulikaa misimu sita, saba, halafu mti ukachoka. Upinde wa mti haufi ghafla. Unaanza kupinda wenyewe hata ukiuvua kamba, unazeeka mgongo kama mimi ninavyosingizia kuzeeka, na mshale unaanza kudondoka karibu. Mwenyewe anaona, anarudi kwa fundi, anachongewa mwingine.

Kazi ikikamilika, babu yako alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mchongaji mwingine. Alichukua kisu kidogo akauchanja upinde chale tatu, juu tu ya kishikio, kama anavyochanjwa mtu, kisha akazisugua kwa masizi na mafuta ya nyonyo. Alisema upinde usiochanjwa haumjui bwana wake. Nilipokuwa mdogo niliamini ni dawa. Nilipopata akili nikaona ilikuwa pia tangazo la biashara, maana mtu akiona chale tatu anajua ni mkono wa nani. Nadhani kwake mzee hayo mawili hayakuwa na tofauti.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kila kitu kilipo. Mzee alichanja upande wa tumbo, ule unaomtazama mpigaji, na alichanja pale ambapo mti ni mnene na haupindi. Hakuwahi kunieleza kwa nini. Nami sikuuliza. Nilikuwa mtoto mwepesi wa kutazama na mzito wa kuuliza, nikadhani nikiona nimejua. Wewe hukuwa hivyo. Ulikuwa ukikaa chini ya meza yangu ya kazi, unakusanya takataka za randa, na unauliza mpaka nakufukuza. Nilikufukuza mara nyingi kwa sababu sikuwa na jibu, na hilo nalo sikukwambia.

Nilikuja mjini kijana, nikapata useremala kiwandani hapahapa Kihonda. Upinde niliuacha Matombo pamoja na mambo mengine ya ushamba, ndivyo nilivyoyaita. Ikaja miaka ya ruksa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaamka siku moja sabuni za kila rangi ziko dukani, na kiwanda kimefungwa. Looo! Tulipewa mkono wa kwaheri na hotuba. Unakumbuka nilivyokaa kibarazani miezi mitatu, sisemi na mtu? Mama yako aliuza mboga toka kwa dada zake wa mlimani akatulisha, na mimi nilimnunia kwa kutulisha. Ndivyo nilivyo, au nilivyokuwa. Namshukuru sasa, kwa kuchelewa.

Nikafungua karakana. Vitanda, milango, mipini ya majembe. Halafu yakaingia magari ya mitumba, na bampa zake za faiba zikawa zinapasuka kila wiki kwa barabara zetu. Nikajifunza faiba. Unalaza kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachowasha mikono, unapaka gundi, unalaza tena, unasugua msasa. Si kazi ngumu ukiwa na subira, na mwili wako ukikubali kujikuna.

Hivyo ndivyo meneja wa kambi alivyonipata. Mzungu mrefu, miguu myekundu, anasema Kiswahili cha kuamrisha ila mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alishuka na pinde nane zilizotoka kwao Ulaya, za wageni wake kujifurahisha kwa kulenga shabaha ya majani. Tano za rangi ya asali, mti katikati na faiba nje. Tatu nyeusi, kaboni. Wageni walikuwa wameziacha ndani ya gari juani, gundi ikaachia, na ngozi za vishikio zimechanika. Akasema, "Fundi, gundisha. Shona ngozi. Lakini nje hapana gusa. Nje iache." Nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Alisema mara mbili, na mara mbili niliitikia.

Siwezi kukueleza nilivyojisikia nilipoushika ule mweusi wa kwanza. Mwepesi, mwanangu, huamini kama mkononi kuna kitu. Niliuvuta kidogo ukanirudi mkononi kwa nguvu za kijana. Mkole wa mzee ungehitaji unene wa kifundo cha mguu kufanya hivyo. Nikawaza: mzee amechonga maisha yake yote, na kumbe huko kwao kuna kitu hiki. Niliona wivu. Niseme wazi, niliona wivu na niliona haya, vyote kwa pamoja, mbele ya kipande cha upinde.

Nikazitengeneza wiki mbili. Kazi ilikuwa safi, meneja angeangalia asione ilikoachia. Na hapo ndipo paliponichoma: hataona. Nimefanya kazi nzuri kuliko zote maishani mwangu, na alama yake ni kwamba haionekani. Nikachukua kisu kidogo. Nikazichanja zote nane, chale tatu kila moja, juu ya kishikio.

Ila sikuchanja kama mzee. Tumboni nani angeona? Nilichanja mgongoni, upande unaotazama shabaha, ili mgeni anayesimama pembeni na kamera yake aone. Na vishikio vyao ni vinene, vimefunikwa ngozi, kwa hiyo nikapanda juu zaidi, pale mkono wa upinde unapoanza kupinda. Nikapaka masizi. Kwenye zile za asali zilipendeza. Kwenye nyeusi hazikuonekana kabisa, nyeusi juu ya nyeusi, lakini mimi nilijua zipo, na niliridhika. Mtu mzima naandika haya naona aibu mpaka masikioni.

Sasa jibu la swali lako, kwa ufundi.

Faiba ni mvumilivu. Ni nzito kidogo, ina uvivu kidogo, lakini ukiijeruhi inalalamika. Kwanza inapauka, mstari mweupe kama wa chaki unaoukata mkono wa upinde kwa upana. Kisha mstari unakua. Inakupa miezi, pengine mwaka. Baada ya chale zangu, pinde mbili za asali zilianza kupauka palepale nilipochanja. Anselmi, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa kambini, aliziona, akazileta, nikazitoa kazini. Meneja akasema ni joto. Nikanyamaza. Na nikajifunza somo, bahati mbaya likawa somo lisilo lenyewe. Nikajisemea: kumbe hata nikikosea, nitaonywa.

Kaboni haionyi. Ikiwa nzima, inaishinda faiba kwa kudumu, hilo sitakuficha. Haichoki, haipindi kwa uzee, miaka inapita iko kama ilivyotoka kiwandani. Lakini nguvu yake yote imo katika nyuzi ndefu zilizolala pamoja, na ukizikata chache, zile zilizobaki zinabeba mzigo wa zote bila kusema neno. Leo sawa, kesho sawa, mwezi mzima sawa. Ukigonga kwa kidole inatoa sauti ileile. Halafu siku moja inapasuka mara moja, vipande vipande, na kila kipande ni sindano.

Kwa hiyo kaboni isiyo na jeraha hudumu kuliko faiba. Yenye jeraha haina siku yake inayojulikana. Hilo ndilo ningekujibu juzi.

Kazi ya kuwafundisha wageni kulenga, mjomba wako aliipata kupitia mimi. Meneja aliniuliza kama namjua mtu mwenye mkono mtulivu, nikamtaja shemeji yangu, maana Anselmi amelinda mahindi ya mama yao tangu ana miaka tisa, na nyani wa upande ule walimjua kwa jina. Alifurahi sana. Alinunua shati jeupe. Alikuwa akija hapa mwisho wa mwezi anaigiza Wazungu wanavyofumba jicho lisilotakiwa, na wewe ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Hayo unayakumbuka.

Siku yenyewe sikuwepo, nimeipata kwa mdomo wake. Alikuwa akimwonyesha mama mmoja mgeni namna ya kuvuta, upinde mweusi mkononi. Aliuvuta hadi shavuni, mshale ukiwa mahali pake. Mkono wa juu wa upinde ukakatika. Anasema hakusikia mlio, aliona mwanga tu. Kipande kiliingia jicho la kushoto.

Alipoletwa hospitali hapa mjini, nilikwenda na mama yako. Ulibaki na majirani. Kesho yake meneja akaja karakana, ameshika vile vipande kwenye gunia. Akavimwaga juu ya meza yangu. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida. Nikaviangalia. Mwanangu, pamekatika kwenye chale. Pamepita kwenye ile ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama karatasi inavyochanika pale ulipoikunja. Mtu asiyejua angeona mpasuko tu, maana weusi umemeza kila kitu. Mimi niliona kisu changu.

Akauliza, "Fundi, kwa nini?" Akasubiri. Alikuwa ananiuliza kweli, hakuwa ananishtaki. Nikamwambia: "Inaweza kuwa joto. Au ameuachia mtupu, bila mshale. Ukiuachia mtupu hupasuka hivi." Yote mawili ni kweli kwa upinde wowote. Nilichagua kweli mbili nikazijengea uongo mmoja. Meneja akatikisa kichwa, akasema, "Mara nyingi nimemwambia asicheze nao." Akachukua gunia lake. Anselmi akaachishwa kazi kwa uzembe kabla bandeji haijatoka usoni, na zile nyeusi mbili zilizobaki zikatundikwa ukutani, mchezo wa shabaha ukafutwa.

Kule wodini mjomba wako alinishika mkono. "Shemeji," alisema, "mimi sikuuachia mtupu. Wewe unanijua." Nikamwambia, "Nakujua." Nikamenya chungwa. Nililimenya vizuri sana, ganda moja refu bila kukatika. Nalichukia chungwa lile mpaka leo.

Wiki hiyohiyo ulivunja chupa ya chai. Ulikuwa darasa la saba. Ulisema ni paka. Nilikuchapa, Felista, na nikakwambia ninachokuchapia si chupa, ni uongo. Hukulia. Ulinitazama tu, na mimi nikadhani ni kiburi. Ulikuwa na haki ya kuivunja na ya pili. Naomba unisamehe kwa fimbo zile. Sikuwahi kumpiga mtu kwa hasira ya kujichukia mimi mwenyewe kabla ya siku ile, na sikurudia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu alikuwa mtoto wa kuzaa, tumelala nyumba moja miaka saba. Mwanzo nilijiambia nitasema Anselmi akipona. Akapona, akarudi Kisaki kulima. Nikajiambia nitasema akija Krismasi. Akaja, akanikuta nimeshazoea. Kitu kisichosemwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili kinakuwa na ndugu yake, kwa sababu sasa una la kueleza na una la kueleza kwa nini hukueleza. Hata zile mbili ukutani nilijiambia zimetundikwa, hazina neno. Kumbe ukuta una mwenyewe, na mwenyewe hubadilika. Naye Anselmi, asiyeambiwa kitu, anadhani ubaya ulikuwa wa ule mmoja tu.

Wajua mila zetu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi baba yako nakutania kila siku kwamba ni mgeni niliyealikwa nikasahau kuondoka. Kwa hiyo kesho huendi kupanga chumba kwa mtu. Unakwenda kwa mwenye mtoto. Naye atakupokea kwa jicho moja, na atakupisha kitanda chake, namjua. Nimewaza ukiwa mezani kwake unakula, na hujui anachokijua baba yako. Nikaona siwezi. Na nikawaza mtoto wa Kisaki ameshika ule mweusi, amevuta hadi shavuni kama alivyofundishwa na mwalimu Felista. Hapo kalamu ikaja yenyewe.

Nilikusudia kuishia hapo. Nilikusudia kukupa bahasha asubuhi, nikwambie, "Msomee mjomba wako ukifika," nirudi karakana kwenye mlango aliouagiza mwalimu mkuu mmoja wa hapa, ambao bado haujapigwa randa. Nilikuwa nimeshatafuta bahasha.

Mama yako ameingia. Mmetoka misani, wewe ukapita kwa rafiki zako wa Kilakala kuaga, yeye akaja moja kwa moja huku na kanga yake ya kanisani. Akauliza, "Unaandika nini tangu asubuhi, wewe mtu wa mgongo?" Nikamwambia. Sikupanga, nilifungua kinywa nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Nilimweleza kisu, chale, meneja, chungwa.

Hakulia. Alikaa juu ya mbao. Nje majirani walikuwa wakipepeta mchele. Kisha akasema, wala hakupaza sauti: "Miaka saba nimemwombea kaka yangu asamehewe uzembe wake."

Nikasema, "Najua."

"Na wewe umepiga magoti pembeni yangu."

Nikasema ndiyo. Maana ndivyo ilivyokuwa, kila Jumapili, benchi la nne.

Akasema, "Mimi kaka yangu nilimkemea, Kondradi. Nilimwambia umekuwa mtu mzima unachezea vitu vya watu. Alinisikiliza, hakujibu." Hapo ndipo nilipoona nililofanya. Miaka yote nilidhani nimechukua jicho. Kumbe nilichukua na dada yake. Mwanangu, nimeumia leo kuliko siku yoyote, na sistahili kuonewa huruma kwa hilo.

Nikamwonyesha barua hii. Hakuisoma. Aliipima tu kwa macho, unene wake. Akasema, "Na hii utambebesha mtoto? Unampa Felista akaseme kwa mjomba wake maneno yaliyokushinda wewe na ndevu zako? Mwee! Anselmi yuko hai. Ana masikio mawili." Akasimama, akajipangusa vumbi la mbao. "Barua mpe mwanao, ni yake. Shemeji yako utamwambia kwa mdomo."

Yuko ndani sasa. Nasikia anafungua sanduku. Hajanisemesha tena, na sidhani kama atanisemesha leo, wala sijui atanisemesha lini. Lakini ametoa shati langu na suruali ya kaki, ameviweka kitandani, na viatu ameviweka mlangoni pua zikitazama nje.

Basi kesho naja nawe. Sijui Anselmi atanipokeaje. Anaweza kunifukuza, na ana haki. Anaweza kusema alijua siku zote, na hilo litanishinda kulivumilia zaidi ya kufukuzwa. Anaweza kuninyamazia kama alivyomnyamazia dada yake. Nitamweleza, halafu nitazikata zile mbili nyeusi mbele yake, kwa msumeno, katikati. Zile za asali nitazipangusa kwa pamba hatua kwa hatua, na pamba ikinasa mahali, ndipo nyuzi zimeanza kuinuka, na upinde huo hauna kazi tena. Kisha nitatafuta aliko yule meneja, kama bado yuko nchini, nimwandikie naye. Kazi ya mjomba wako hairudi. Jicho halirudi. Jina lake linaweza kurudi, angalau kwa watu wanaomjua, na huko ndiko anakoishi.

Wewe sikuombi uninunie wala usininunie. Utakavyoona. Nilikulea nikitaka uniamini, na hiyo imani niliitumia vibaya bila wewe kujua, kwa hiyo ukitaka kuirudisha ndani kwa muda, ni mali yako. Nakupenda. Sijawahi kukwambia hivyo kwa mdomo, na wala leo sikwambii kwa mdomo, naona nina safari ya kujifunza kuzungumza.

Dereva wa gari la Kisaki amekupa kiti cha mbele, kwa kuwa wewe ni mwalimu mpya. Mimi nitakuwa nyuma, juu ya mizigo. Nitakupa bahasha gari likikaribia kuondoka, nitaipitisha dirishani kisha nipande. Isome njiani, hutaniona nami sitakuona, nimeona ni vizuri hivyo kwa sisi wawili.

Gari likifika Mvuha husimama, watu wanashuka kunywa chai. Nitashuka. Ukitaka kuja niliposimama, njoo. Ukitaka kubaki ndani ya gari, baki, sitakuja kukugongea kioo. Kwa vyovyote nitapanda tena. Ninakokwenda ni Kisaki.

Ni mimi baba yako,
Kondradi